Kwenda kuona Chatsworth: anzia mbugani, nyumba iwe ya mwisho

Ukikaa Uingereza muda kidogo lazima kuna siku mtu kazini atakuuliza kama umeshafika Chatsworth, na we utajibu bado huku unajiuliza ni kitu gani hasa. Ni jumba la kitajiri la mashambani, lipo Derbyshire kwenye bonde la mto Derwent, ndani ya Peak District, na ni la ukoo wa Cavendish ambao ndo Ma-Duke wa Devonshire. Devonshire yenyewe iko mbali huko kusini magharibi, kwa hiyo usiniulize imekuwaje, hao watu na vyeo vyao wanajuana wenyewe.

Wengi wakienda wanafanya hivi: wanapaki gari karibu na mlango, wanaingia ndani, wanazunguka vyumba mpaka macho yanachoka na dhahabu, wakitoka nje miguu imeshakwisha, wanapiga picha moja ya chemchemi na safari imeishia hapo. Hela nyingi imetoka na umeona nusu tu, tena ile nusu ya kulipia. Mimi nakushauri ugeuze. Anza na mbuga ambayo kuitembea kwa miguu ni bure, njoo kwenye bustani, nyumba iwe ya mwisho. Lile jumba limewekwa pale litazamwe kutoka mbali, na kila kilima, mto na mti unaouona ukilitazama umepangwa na mtu kwa hela na jasho, yaani mbuga nayo ni kazi ya mikono kama zilivyo zile dari za ndani. Ukiingia ndani kabla hujaitembea hutaelewa yale madirisha yanaangalia nini.

Hatua ya 1: malizana na tiketi kabla hujatoka nyumbani

Nunua mtandaoni, usisubiri getini, hasa wikendi na kipindi cha shule kufungwa. Kuna tiketi ya nyumba pamoja na bustani, na kuna ya bustani peke yake ambayo ni nafuu kiasi cha kutosha. Kama mko wengi na wengine hawana habari na mapicha ya kale, wachukue ya bustani tu na hawatapungukiwa. Sehemu ya watoto yenye mifugo na michezo inajitegemea kitiketi, soma vizuri kabla hujabonyeza kulipa. Bei zinabadilika kila msimu kwa hiyo siandiki hapa, ila jiandae kisaikolojia, sio mahali pa bei rahisi.

Sasa hapa kuna mambo mawili yanayowachanganya watu wetu. La kwanza, mara nyingi kwenye ukurasa wa tiketi utaona bei mbili, moja ina mchango wa Gift Aid na nyingine haina. Jumba linaendeshwa na taasisi ya hisani iliyoanzishwa 1981, na kwa sheria za Uingereza taasisi kama hiyo inadai serikalini senti 25 kwa kila pauni uliyochangia, lakini hiyo ni kama we mwenyewe unalipa kodi ya mapato huku. Kama ni mgeni umekuja na viza ya matembezi, au ni mwanafunzi usiyekatwa kodi, usiweke tiki hapo, chagua ile bei ya kawaida na wala hakuna atakayekuangalia vibaya. La pili, ile kadi ya National Trust (taasisi inayotunza majumba ya kale) ambayo labda umenunua au umepewa na bosi wako, pale haifanyi kazi. Chatsworth sio ya National Trust. Kadi hiyo kaitumie Hardwick Hall, haiko mbali sana na ilikuwa ya ukoo huohuo. Duke wa 10 alipofariki 1950 familia ilidaiwa kodi ya mirathi asilimia 80, wakauza mashamba na michoro, Hardwick ikaenda serikalini na baadae ikapewa National Trust, deni lenyewe likaja kuisha miaka ya 70. Wakisema tajiri naye analia, hii ni mojawapo, japo alilia akiwa bado amebakiwa na vyumba 126.

Angalia pia tarehe. Baada ya Krismasi nyumba huwa inafungwa wiki kadhaa mpaka majira ya machipuko. Novemba na Desemba wanapamba vyumba kwa ajili ya Krismasi na watu wanajaa mpaka foleni, kama hupendi msongamano ruka kipindi hicho. Mimi ningekwambia nenda mwishoni mwa Mei au Septemba, siku ya katikati ya wiki.

Hatua ya 2: kufika

Kwa gari ni rahisi, weka kwenye ramani na unafuata, utalipia tu paki. Kwa usafiri wa umma panda treni mpaka Sheffield au Chesterfield halafu basi. Kutoka London treni za Chesterfield zinatoka kituo cha St Pancras, ni kama masaa mawili hivi, na ukikaribia chungulia dirishani uone kanisa lenye mnara uliopinda na kujisokota, sio macho yako, ndo ulivyo. Kutoka Sheffield kuna mabasi yanayopita Baslow kwenda Bakewell, mengine yanaingia mpaka Chatsworth yenyewe. Ratiba iangalie siku hiyohiyo kwa sababu vijijini Jumapili mabasi ni machache, na piga picha ratiba ya kurudi iwe kwenye simu kwa sababu mtandao ukiwa bondeni unakatakata.

Ushauri wangu, hata kama basi linafika mlangoni, shuka Baslow. Ndo hatua ya 4 inapoanzia.

Hatua ya 3: miguuni na tumboni

Usivae raba nyeupe mpya. Kondoo wako kila mahali na kinyesi chao kiko kila mahali, na nyasi za asubuhi zina umande hata Julai. Viatu vya zamani visivyoteleza, koti la mvua la kukunja, sweta moja. Mama zetu wanaopenda kutoka na viatu vya kisigino, tafadhali mama, beba kwenye mfuko utavaa wakati wa picha.

Chakula beba. Migahawa ipo kwenye yale yaliyokuwa mazizi ya farasi (mazizi yenyewe yana uso wa jumba la mfalme, farasi wa Duke walilala vizuri kuliko binadamu wengi wa enzi zile), ila bei utaziona, na kama unakula halali tu uchaguzi unabana. Chapati, mayai ya kuchemsha, sambusa, chai kwenye chupa, mnakaa kwenye majani kando ya mto na hakuna wa kuwauliza. Mkaa na jiko la nyama choma usithubutu, moto wa wazi hauruhusiwi, na takataka zenu mrudi nazo.

Hatua ya 4: mbuga, saa 4 asubuhi

Kutoka Baslow fuata njia ya miguu nyuma ya kijiji, mto uko kulia kwako, unapita geti la kuzunguka la chuma halafu ghafla pamefunguka: majani, miti mikubwa iliyosimama mmojammoja, kondoo, na kulungu kama ukibahatika. Mpaka kwenye nyumba ni kama kilomita mbili na kidogo, tambarare, hata kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto kinapita.

Tembea polepole. Hii mbuga ina eka kama 1,000 na inaonekana kama Mungu aliiacha hivyo siku ya uumbaji, na hapo ndo penye ujanja wake. Mpaka katikati ya karne ya 18 upande huu wa nyumba ulikuwa na mabwawa ya samaki na vibustani vya kupimwa kwa rula. Duke wa 4 akamwita fundi wa kupanga mandhari Lancelot Brown, yule wanayemwita Capability Brown, akaanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1750 kuingia 60. Mabwawa yakafukiwa, mto ukatengenezwa uonekane mpana, udongo ukachongwa, miti ikapandwa kwa mafungu ili pengine ifiche na pengine ifungue. Daraja la mawe lenye matao matatu likajengwa na James Paine, na limekaa kwa pembe ambayo mgeni akija na gari la farasi anaiona nyumba ikijifunua taratibu. Fanya jaribio dogo: simama mahali popote, angalia mstari wa miti juu ya kilima, halafu tembea hatua kama 50 uangalie tena. Utaona kuna kitu kimefichwa na kingine kimejitokeza. Hiyo haikutokea yenyewe.

Kabla ya daraja, karibu na mto, kuna kitu kinachoonekana kama boma dogo la mawe lenye ngazi na mtaro kukizunguka. Ni Queen Mary's Bower. Malkia Mary wa Scotland aliwekwa kizuizini kwenye mali za familia hii, akawa analetwa Chatsworth mara kwa mara kati ya 1569 na miaka ya 1580, na inasemekana hapo juu ndo alikuwa anapunga hewa. Nyumba aliyofungwa haipo tena. Ile ilijengwa na Bess wa Hardwick na mumewe Sir William Cavendish, walinunua eneo mwaka 1549 kwa pauni 600. Unayoiona sasa ilijengwa na Duke wa 1 kuanzia 1687 mpaka 1707, upande mmoja baada ya mwingine, kama watu wetu wanavyojenga, chumba hiki mwaka huu, kile mwakani hela ikipatikana, isipokuwa yeye alimaliza na akafariki mwaka huohuo wa kumaliza.

Ukifika darajani usiingie kwanza kwenye nyumba. Vuka, endelea na njia upande wa magharibi mpaka kijiji cha Edensor (ukimuuliza dereva wa basi sema "Enza", ukitamka kama ilivyoandikwa hataelewa). Ni kama dakika 15 kwa mwendo wa mtu mwenye watoto. Hiki kijiji kilihamishwa. Kweli kabisa, Duke wa 6 miaka ya 1830 aliona nyumba za watu zinamharibia mandhari, zikabomolewa na zikajengwa nyingine nyuma ya kilima zisikoonekana, na hakuna nyumba mbili zinazofanana, hii kama ya Uswisi, ile kama ya Italia, milango na madirisha yamepakwa bluu ya aina moja. Nzuri sana kupiga picha, lakini jua unachopiga picha ni watu walioambiwa hamieni kule mnaziba. Watu wanaishi humo mpaka leo kwa hiyo usichungulie madirishani.

Panda mpaka makaburini juu ya kanisa. Ma-Duke wamezikwa hapo nje kwenye majani, mawe ya kawaida tu, ukilinganisha na walivyoishi unashangaa. Kati yao kuna kaburi la Kathleen Kennedy, dada yake Rais John F. Kennedy wa Marekani. Aliolewa na mtoto mkubwa wa Duke wa 10, huyo mume akauawa vitani Ubelgiji Septemba 1944, na yeye mwenyewe akafa kwenye ajali ya ndege Ufaransa mwaka 1948. Kennedy alikuja hapa Juni 1963 kuliona kaburi la dada yake, miezi mitano kabla naye hajapigwa risasi Dallas, na kuna kibao chini kinachosema hivyo. Kwenye makaburi hayohayo yuko Joseph Paxton, na huyu mshike jina kwa sababu mambo mengi ya bustani tunayoiendea ni kazi yake.

Kuhusu kulungu: kaa nao mbali, hasa Juni wakiwa na watoto na Oktoba madume yanapogombania majike, utayasikia yananguruma mpaka unafikiri ni ng'ombe. Usiwape chapati. Mbwa awe kwenye kamba.

Hatua ya 5: msitu wa juu, kama miguu inaruhusu

Nyuma ya mazizi kuna njia inapanda kwenye msitu unaoitwa Stand Wood, nao bure. Kuna mnara wa mawe wa karne ya 16 ambapo wake wa mabwana walikuwa wanasimama kuangalia uwindaji chini, na zaidi juu kuna ziwa la Emperor. Wazee na wenye magoti mabovu warukie hatua ya 6. Ila mwenye nguvu akipanda ataelewa siri ya bustani yote: maji yako juu, nyumba iko chini, hakuna pampu. Hilo ziwa ni la kuchimbwa na watu, kazi ya sululu na koleo.

Hatua ya 6: bustani, fuata maji

Hapa ndo tiketi inaanza kufanya kazi. Eka 105, hutaimaliza, usijaribu. Njia nzuri ni kufuata maji kutoka juu kuja chini.

Juu kabisa ni Cascade, ngazi za mawe ambazo maji yanateremka mpaka karibu na nyumba. Fundi Mfaransa aitwaye Grillet alianza kuitengeneza 1696. Ina mafungu 24 ya ngazi na hayalingani, mengine mapana mengine mafupi, kwa hiyo maji yanatoa sauti tofauti kila unaposogea. Lakini angalia taarifa kabla hujaenda, miaka ya karibuni ilizimwa kwa ajili ya ukarabati mkubwa kwa sababu mawe yalikuwa yanavuja. Ikiwa kavu bado simama juu pale, mandhari ya bonde ni yaleyale.

Kisha bwawa refu la mbele ya nyumba upande wa kusini lenye chemchemi ya Emperor. Stori yake naipenda. Mwaka 1844 ilisemekana Tsar Nicholas I wa Urusi atakuja kutembea, Duke wa 6 akamwambia Paxton nataka chemchemi ndefu kuliko ya kwake kule Urusi. Paxton akachimba lile ziwa la juu kwa miezi sita, usiku wanafanya kazi kwa mwanga wa moto, bomba likashushwa mpaka chini, na maji yakaruka mpaka futi 296, ni kama mita 90. Tsar alifika Uingereza lakini hakukanyaga Chatsworth. Jina likabaki la kwake, maji hakuyaona. Siku hizi haifunguliwi saa zote wala kwa nguvu zote, maji ya ziwa yana kikomo na kiangazi kikiwa kikali wanabana, kwa hiyo ukiikuta imefunguliwa acha vingine vyote piga picha kwanza. Simama upande upepo unakotoka, sio unakoelekea, utalowa. Maji haya yalishawapa mpaka umeme, waliweka tabaini 1893.

Huyu Paxton aliajiriwa 1826 akiwa na miaka 22, mtoto wa mkulima. Mwenyewe alisimulia siku yake ya kwanza: alitoka London kwa gari la farasi la Chesterfield, akafika saa 10 na nusu alfajiri, hakuna aliyeamka, akaruka ukuta, akazunguka bustani yote, saa 12 akawapangia wafanyakazi kazi, akaenda kunywa chai kwa msimamizi wa nyumba, akamkuta mpwa wa yule mama anaitwa Sarah, wakapendana hapohapo, yote hayo kabla ya saa 3 asubuhi. Mwaka uliofuata wakaoana. Sisi mpaka saa 3 wengine hatujapiga mswaki.

Na kuna hili ambalo kwangu ndo sababu tosha ya mtu wa kwetu kwenda. Paxton alipata mche wa mgomba wa asili ya Mauritius, akaulea kwenye nyumba ya vioo yenye joto, ukatoa ua Novemba 1835, mwaka uliofuata ukazaa mkungu wa ndizi zaidi ya mia. Wakaupa jina la ukoo wa bosi, Cavendish. Wamisionari wakachukua miche wakaipeleka visiwa vya Pasifiki. Leo karibu ndizi zote zinazosafirishwa kwenda kuuzwa nchi za nje ni za jamii ya Cavendish, ile unayonunua supamaketi hapa Uingereza ndo hiyo, na kimalindi yetu nayo ni ya jamii hiyo. Kwa hiyo mtu akikuuliza we na jumba la Waingereza mnahusiana nini, mjibu kwa ndizi.

Sogea sasa kwenye fumbo la miti, ile bustani ya vichochoro vya kupotea. Imepandwa 1962 mahali palipokuwa na nyumba kubwa ya vioo ya Paxton, ambayo ilikuwa na urefu wa mita 84 na magari mawili ya farasi yangeweza kupishana ndani. Malkia Victoria alipitishwa humo 1843 usiku, taa elfu 12 zimewashwa. Ilikuwa inapashwa moto kwa makaa yaliyoletwa kwa reli ndogo chini ya ardhi ili wageni wasione moshi wala wachochea moto. Vita ya kwanza ya dunia ikaja, makaa hakuna, mimea ikafa, 1920 ikabomolewa. Ila ujuzi haukupotea, Paxton ndo aliyekuja kubuni lile jumba la vioo la London la maonyesho ya 1851.

Watoto wapeleke kwenye mti wa shaba. Unaonekana kama mti wa kawaida umejificha kwenye kona yake, ukikaribia majani yanaanza kurusha maji pande zote. Wazo lake lina zaidi ya miaka 300, ulikuwepo tayari 1690 na kitu, wageni wa enzi hizo nao walilowa. Waambie watoto "kaguse ule mti uone ni wa aina gani" halafu rudi nyuma na kamera.

Hatua ya 7: nyumba, kama saa 8 mchana

Saa hizo mabasi ya watalii wa asubuhi yanaanza kuondoka. Ukiona tiketi inataka saa maalumu ya kuingia, chagua mchana, ila hakikisha umeona mwisho wa kuingia ni saa ngapi. Mabegi makubwa utaambiwa uvae kifuani au uyaache, kigari cha mtoto nacho tarajia kuachishwa. Picha ruhusa bila fleshi. Usiguse kitu, hata kile kinachoonekana cha kawaida. Kuna ngazi nyingi, mwenye shida ya kupanda aseme mapema aelekezwe lifti.

Vyumba vingi havifunguliwi, karibu 100 ni vya kwao wenyewe, na vilivyo wazi vinatosha sana. Usijilazimishe kusoma kila karatasi. Mimi ningekwambia simama kwa utulivu sehemu hizi.

Ukumbi wa kwanza mkubwa, Painted Hall, weka shingo nyuma uangalie dari na kuta, Louis Laguerre alichora maisha ya Julius Caesar miaka ya 1690. Kumbuka Duke wa 1 alikuwa ametoka tu kumsaidia William wa Orange, mtawala wa Uholanzi, kumtoa mfalme wa Uingereza 1688, kwa hiyo kumweka Caesar kwenye dari lake kulikuwa na ujumbe.

Juu kwenye vyumba vya heshima, ulizia chumba cha muziki. Kuta zimefunikwa ngozi yenye nakshi za dhahabu. Kuna mlango umefunguliwa nusu, na nyuma yake, kwenye mlango wa pili, kuna fidla imening'inia kwenye kigingi. Iangalie. Nyuzi zina kivuli, mbao inang'aa, utaapa ukinyoosha mkono utaishika. Hakuna fidla. Ni rangi tupu kwenye mbao bapa, kazi ya Jan van der Vaardt ya karne ya 18 mwanzoni, na ililetwa hapa kutoka nyumba yao ya London. Sogea kushoto na kulia uone inavyoanza kukusaliti pembeni.

Vita ya pili ya dunia vyumba hivi vya dhahabu vililaza wanafunzi. Duke alikaribisha shule ya wasichana kutoka Wales, Penrhos College, kama wasichana 300, wakakaa 1939 mpaka 1946. Hesabu yake ilikuwa kwamba jeshi likichukua nyumba litaiharibu, wasichana wataharibu kidogo. Mwenye bweni la sekondari kichwani anaweza kupiga picha: vitanda vya chuma vimepangwa chini ya malaika wa dari.

Mwishoni ni ukumbi wa masanamu. Wote wanakimbilia kazi za Canova, mchonga sanamu wa Italia, sawa, ila tafuta yule mwanamke aliyejifunika shela, kazi ya Raffaelle Monti ya miaka ya 1840. Jiwe lote ni marumaru moja, ngumu, na bado unaona uso kupitia kitambaa, pua, midomo, kope zimefumbwa, na shela imekunjika shingoni kama imelowa kidogo. Zunguka pembeni uangalie inavyoishia.

Wale wazee waliokaa kila chumba na vitambulisho wengi wanajitolea, na wanafurahi kuulizwa kuliko unavyodhani. Sisi tuna tabia ya kupita kimya tukiogopa kuonekana hatujui. Uliza. Uliza hela ilitoka wapi, watakwambia ardhi, madini ya risasi, na shaba ya Ecton iliyomjaza Duke wa 5 mapesa. Uliza nani alikuwa anachota maji ya kuoga ghorofa ya tatu.

Kutoka

Ukitoka jua limeshahamia upande wa magharibi, na uso wa nyumba unaotazama mto ndo unapata mwanga vizuri, fremu za madirisha zimepakwa dhahabu halisi na saa hizo zinawaka. Picha yako kuu ipige hapo, ukiwa ng'ambo ya daraja umepanda kidogo kwenye mteremko, sio getini ambako utapata vichwa vya watu.

Basi la mwisho lisikupite, teksi za huko ni za kuagiza mapema na sio bei ya mchezo. Kama una gari pitia Pilsley, kijiji jirani, lipo duka la shamba lao lililofunguliwa 1977 ambalo lina nyama, jibini na mboga. Kama unakula halali tu, nyama ulizia kabla. Mayai ni mazuri, na mkate unaisha mapema kwa hiyo ukitaka mkate pita asubuhi.